Washington: Kijiji, Ukoo na Wenye Jina

Mazungumzo haya yalitolewa Mombasa, mbele ya wapenzi wa historia. Nayaweka hapa kamili kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, akina mama, vijana, na ninyi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: asalaam aleikum, na habari za jioni.

Naanza na swali. Nikitamka "Washington", ni nani anayewajia akilini? Nasikia George. Nasikia Denzel, hao ni vijana, bila shaka. Nasikia mzee mmoja hapa anamtaja Profesa Okumu, naye nitamfikia, mzee wangu, nivumilie. Wengine mmesema mji mkuu wa Marekani. Sawa. Mbona hakuna aliyetaja shamba?

Maana lilianza na shamba. Kaskazini mashariki ya Uingereza, baina ya Newcastle na Sunderland, kuna mahali panapoitwa Washington, zamani nchi ya makaa ya mawe. Wasomi wengi wa majina wanalipasua jina hilo vipande vitatu vya Kiingereza cha kale. Kwanza yuko mtu, Hwæsa. Kisha kuna kipande kinachomaanisha uzao wake au watu wake. Mwisho kuna "tun", yaani eneo lililozungushiwa uzio, kiambo, shamba. Basi Washington ni shamba la watu wa Hwæsa. Na hiyo "-ton" ya mwisho mnaijua hata kama hamkujua kuwa mnaijua: Newton, Milton, Clinton, Sutton, Middleton. Mkikutana na "-ton" katika jina la Mwingereza, mara nyingi kuna shamba limejificha ndani. Ziko na nyingine: "-ley" ni uwazi uliofyekwa msituni, "-ford" ni kivuko cha mto, "-field" ni konde. Stanley aliyepita huku kwetu na bunduki zake alibeba jina la uwazi wa mawe, ingawa yeye alizaliwa akiitwa John Rowlands na jina la Stanley alilipatia New Orleans. Huyo ana mambo yake, tumwache.

Sasa, shamba liligeukaje kuwa jina la ukoo?

Mwaka 1183 Askofu wa Durham alitaka kujua mali yake yote. Akaagiza iandikwe: mashamba, wapangaji, kodi, siku za kazi ambazo kila mtu anadaiwa, mpaka kuku na mayai. Nakala za kitabu hicho zipo hadi leo, kinaitwa Boldon Book. Ndani yake yumo bwana mmoja, William wa Hertburn. Alikuwa na kijiji cha Hertburn, akakibadilisha na askofu, akapewa Washington. Masharti yake? Alipe paundi 4 kwa mwaka, na askofu akitoka kwenda kwenye windo kubwa, William aende naye na mbwa wanne wa kuwindia. Hayo tu. Ardhi, paundi 4, mbwa wanne. Na William, baada ya kuhama, akaacha kuitwa wa Hertburn, akaitwa William wa Wessyngton. Tahajia ilikuwa ikiyumba, kila karani na yake.

Tazameni jambo hilo kwa makini, ndugu zangu. Mtu yule yule, mama yule yule, damu ile ile. Amehama, jina limehama naye. Wakati huo jina la mahali lilikuwa kama anwani. Halijawa ukoo.

Kwa wakubwa, jina lilikuwa la ardhi unayoimiliki. Kwa wanyonge ilikuwa kinyume chake: jina lilikuwa la mahali ulipotoka. Na hilo halihitaji kufafanuliwa kwa watu wa pwani. Mngazija haitwi Mngazija akiwa Ngazija. Huko yeye ni fulani bin fulani. Anakuwa Mngazija akishashuka bandarini Unguja. Vivyo hivyo mkulima wa Kiingereza aliyeondoka Sutton: pale Sutton hakuna angemwita wa Sutton, kwa sababu wote ni wa Sutton. Jina alilipata kwa majirani wapya, siku alipokuwa mgeni.

Kwa hiyo majina mengi ya mahali ni kumbukumbu ya kuondoka. Ukimkuta Mwingereza anaitwa Bradford, unajua jambo moja: kuna babu yake mmoja ambaye hakukaa Bradford.

Kilichoyagandisha majina ni karani. Ardhi ilirithiwa, kesi zilisikilizwa mahakamani, na kodi ilidaiwa. Miaka ya 1377, 1379 na 1381 Uingereza ilitoza kodi ya kichwa, na watoza kodi walipofika kijijini walikuta akina John chungu nzima na akina William chungu nzima. Yupi amelipa? Yupi amejificha? Ikabidi kila mmoja awe na jina la pili linalokaa. Kodi ile ya 1381 ndiyo iliyowafanya wakulima waasi na kuingia London kwa nguvu. Lakini daftari lilibaki. Ilipofika karibu mwaka 1400, familia nyingi za Uingereza zilikuwa na majina yanayorithiwa, baba hadi mtoto, hata kama mtoto hajawahi kukiona kijiji.

Haya, turudi kwa ukoo wetu. Tawi moja likaenda Warton, Lancashire. Kutoka huko akatoka Lawrence Washington, mfanyabiashara wa sufu, akawa meya wa Northampton. Mfalme Henry wa Nane alipovunja nyumba za watawa na kuuza ardhi zao, Lawrence alikuwa na fedha tayari: mwaka 1539 akanunua Sulgrave. Nyumba aliyojenga ipo. Nembo ya ukoo ina milia miwili myekundu na nyota tatu nyekundu juu yake, na bendera ya mji mkuu wa Marekani tangu 1938 ndiyo hiyo hiyo nembo. Mfanyabiashara wa sufu hakuota hilo.

Kisha ukoo ukaporomoka. Kitukuu cha Lawrence, naye Lawrence, alikuwa kasisi wa Purleigh huko Essex. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, watu wa Bunge wakamng'oa kanisani mwaka 1643 kwa shutuma kwamba anashinda vilabuni. Wengine husema kosa lake hasa lilikuwa kumpenda mfalme. Mimi nadhani yote mawili yawezekana. Ulevi na siasa havijawahi kugombana. Mwanawe John akawa baharia wa biashara ya tumbaku. Meli yake ikapwelewa katika mto Potomac kati ya mwaka 1656 na 1657, akabaki Virginia, akaoa binti wa mwenye ardhi, akapewa ardhi. Kitukuu chake ni George, aliyezaliwa 1732.

Na hapa, jamani, ndipo hadithi ya Uingereza inapokwisha na nyingine kuanza. George Washington hakuzaa mtoto. Baba wa taifa zima, lakini hakumwachia mtoto jina lake. Sasa niambieni: ilikuwaje jina likaenea?

Sensa ya Marekani ya mwaka 2000 iliwahesabu watu 163,036 wenye jina la ukoo Washington. Linganisheni na kile kijiji cha mbwa wanne. Je, ni watu gani hao? Ni ndugu na binamu za George? Ni Waingereza waliohamia? Asilimia 90 kati yao ni Wamarekani weusi. Narudia kwa walioko nyuma: asilimia 90. Katika majina ya kawaida ya Marekani hakuna jina lenye watu weusi kwa kiwango hicho. Jefferson, linalofuata, ni asilimia 75.

Jibu jepesi mtalisikia kila mahali: walikuwa watumwa wake, wakapewa jina la bwana. Jibu hilo silipendi, na nitasema kwa nini.

George alirithi watumwa 10 akiwa na umri wa miaka 11, baba yake alipofariki. Alipofariki yeye mwenyewe, Desemba 1799, shambani kwake Mount Vernon kulikuwa na watumwa 317. Katika hao, 123 walikuwa mali yake. Wengi wa waliosalia walikuwa wa urithi wa mume wa kwanza wa mkewe Martha. Katika wosia aliandika kwamba wale wake waachwe huru baada ya Martha kufa. Fikirieni basi Bi Martha anavyokaa nyumbani, amezungukwa na watu zaidi ya mia moja ambao uhuru wao unangoja kifo chake. Hakungoja. Aliwaachia tarehe 1 Januari 1801. Ila watu 123 hawazai jina la zaidi ya laki moja, na wengi wa hao wa Mount Vernon walichukua majina mengine kabisa.

Ndiyo, kulikuwa na Washington wengine Virginia waliomiliki watumwa, ndugu na wapwa. Bushrod, mpwa aliyerithi Mount Vernon, aliuza watu 54 kwenda Louisiana mwaka 1821, wakatenganishwa na jamaa zao. Pengine baadhi walikwenda na jina lile. Lakini sikilizeni jambo hili la Lincoln. Lincoln nalo ni jina la mahali, mji wa Uingereza. Abraham Lincoln ndiye rais aliyetia sahihi tangazo la uhuru. Kama majina yangekuwa zawadi ya siku ya uhuru, leo Marekani ingejaa akina Lincoln weusi, sivyo? Sensa ile ile ya 2000 ilikuta akina Lincoln 16,070 tu, na weusi ni asilimia 14.

Kwa nini? Kwa sababu uhuru ulipokuja, watu wengi walikuwa na majina ya ukoo tayari. Waliyatumia wenyewe kwa wenyewe, kwenye vibanda vyao, bila bwana kujua au bila bwana kujali. Serikali ndiyo iliyokuwa haiandiki. Sensa za 1850 na 1860 ziliwaorodhesha watumwa kwa umri, jinsia na rangi, chini ya jina la mwenye mali. Wao wenyewe hawana jina katika ukurasa. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika wote kwa majina yao. Karani alifika mlangoni akauliza, na mtu akajibu. Jina halikuzaliwa siku ile. Siku ile liliandikwa.

Ngoja niwape mtu mmoja, na huyu nitakaa naye kidogo, kwa sababu nampenda.

Anaitwa Harry. Alizaliwa Afrika Magharibi, inaaminika upande wa mto Gambia, karibu mwaka 1740. Akauzwa, akavushwa bahari, na mwaka 1763 akanunuliwa na George Washington. Mwaka 1771 akatoroka, akakamatwa. Mwaka 1776, George yuko vitani anapigania uhuru wa nchi yake, Harry akatoroka tena na kujiunga na jeshi la Waingereza, ambao walikuwa wameahidi uhuru kwa mtumwa wa muasi atakayekuja upande wao. Vita vikaisha, Waingereza wakashindwa. New York ikajaa watoro weusi wakingoja meli. Mei 1783 Jenerali Washington akakutana na jenerali wa Waingereza, Guy Carleton, na mojawapo ya mambo aliyotaka ni watumwa warudishwe. Carleton akakataa: tumewaahidi uhuru, hatuvunji. Ila ataandika daftari la kila anayeondoka.

Na ndani ya daftari hilo tunamkuta. Harry Washington, umri miaka 43, zamani mali ya Jenerali Washington, alimwacha miaka 7 iliyopita. Imeandikwa hivyo hivyo, wazi. Mtu anamtoroka George Washington mara mbili, anaingia katika meli ya maadui zake, na jina analobeba ni Washington! Mnalielewaje? Ni heshima? Ni mazoea? Ni kejeli? Au ni madai, kwamba nilikulimia miaka 13 na kitu chako nimekichukua? Mimi naegemea hilo la mwisho, na anayebisha tubishane baadaye kwenye chai.

Harry alipelekwa Nova Scotia, Kanada, kwenye baridi na mawe. Mwaka 1792 akarudi Afrika pamoja na wenzake zaidi ya elfu moja, wakaanzisha Freetown, Sierra Leone. Kampuni iliyotawala pale ikaanza kuwadai kodi ya ardhi. Wao wakasema: tuliahidiwa ardhi, hatukuahidiwa kodi. Mwaka 1800 wakaasi. Uasi ukavunjwa, na Harry akahukumiwa kuhamishwa ng'ambo ya maji, ufuo wa Bullom. Kwa hiyo kuna Washington wawili walioiasi serikali ya Kiingereza kwa ajili ya kodi. Mmoja yupo kwenye noti ya dola moja.

Baada ya Harry, mwingine nitamtaja kwa haraka kwa kuwa wengi mmesoma habari zake shuleni: Booker T. Washington, mwanzilishi wa chuo cha Tuskegee, 1881. Alizaliwa mtumwa Virginia mwaka 1856, jina lake Booker, basi. Baada ya uhuru akaenda shule, mwalimu akaita majina, akagundua wenzake wote wana mawili na wengine matatu. Zamu yake ikikaribia, akili ikamjia. Alipoulizwa akajibu kwa utulivu, Booker Washington, kana kwamba ndilo aliloitwa maisha yake yote. Baba yake wa kambo aliitwa Washington, Washington Ferguson. Yeye mwenyewe baadaye aliandika kwamba ni watu wachache nchini mwake waliopata fursa ya kujichagulia jina namna ile.

Basi jina likaendelea kupanda. Mwaka 1967 Rais Lyndon Johnson alimteua mtu kuongoza mji mkuu, na wananchi wakamchagua kwa kura mwaka 1974: Walter Washington, kitukuu cha mtumwa. Meya Washington wa Washington. Mwaka 1983 Chicago ikampata meya wake wa kwanza mweusi, Harold Washington. Dinah Washington, mwimbaji, yeye hata hakuzaliwa nalo. Aliitwa Ruth Jones. Na kule magharibi, mwaka 1853, watu waliomba eneo lao liitwe Columbia; Bunge likasema tutachanganya na Wilaya ya Columbia, liitwe Washington. Ili kuondoa utata! Mpaka leo Mmarekani akikwambia anatoka Washington lazima umwulize ipi.

Na kijiji chenyewe? Nyumba ya kale pale Washington ya Uingereza iligawanywa vyumba vya kupangisha, ikachakaa, ikakaribia kubomolewa miaka ya 1930. Wenyeji wakaiokoa. Mei 1977 Rais Jimmy Carter alikwenda kijijini akapanda mti.

Sasa nimalizie nyumbani, nisije nikaambiwa nimewapeleka ughaibuni nikawaacha huko. Mzee wangu, hapa ndipo Profesa Okumu anapoingia. Washington Jalang'o Okumu, Mkenya. Aprili 1994 Afrika Kusini ilikuwa imebakiza siku chache kupiga kura, na chama cha Inkatha cha Mangosuthu Buthelezi kimegoma. Wasuluhishi wakubwa, Henry Kissinger na Lord Carrington, walikuja wakafungasha wakaondoka. Okumu akabaki. Tarehe 19 Aprili Buthelezi akakubali, na uchaguzi ukafanyika. Shamba la Hwæsa limekuwa jina la kwanza la mtu wa Nyanza, na halimshangazi mtu. Kule kwetu tunao akina Washington, akina Wellington na akina Clinton, na baba zao hawakuomba ruhusa kwa yeyote.

Ila si kila jina lilichukuliwa. Mengine yalipewa, na ushahidi uko hapa hapa ng'ambo ya daraja la Nyali. Nani hapajui Kengeleni? Kengele ile ni ya Freretown, makazi ya watumwa waliokombolewa yaliyoanzishwa mwaka 1875. Miongoni mwa waliopita njia hiyo ni Myao mmoja aliyezaliwa Chengwimbe. Aliokolewa kutoka mikononi mwa wauza watu, akapelekwa shule ya wamisheni Nasik, India, akatoka huko akiitwa Matthew Wellington. Wellington ni mji wa Somerset, na hiyo "-ton" ni ile ile. Mwaka 1872 alipelekwa bara kumfuata Livingstone. Mwaka uliofuata Livingstone akafa, na yeye, pamoja na watumishi wa Livingstone, Chuma, Susi, Jacob Wainwright na wenzao, wakaubeba mwili mpaka Bagamoyo. Alifia hapa Mombasa mwaka 1935.

Harry alichagua. Booker alichagua. Chengwimbe alipewa, akiwa mtoto, na watu waliomwokoa. Kuna anayeniambia ni kitu kimoja, majina ya kizungu tu yote. Mimi nasema si kitu kimoja, na ndiyo maana kila nikimtaja Matthew Wellington hutanguliza Chengwimbe. Familia za Freretown zilizopo ukumbini leo mna haki ya kunisahihisha. Baadhi yenu mmeyashika majina yale kwa fahari vizazi vinne, na sina mamlaka ya kuwaambia myaache.

Nimezidisha dakika, mwenyekiti ananiangalia. Maswali. Tuanze na yule bwana wa safu ya tatu, amenyoosha mkono tangu niliposema Harry alichukua jina kama madai, na uso wake unaonyesha hakubaliani.